Kitenzi "tener" kinapokugomea: dalili, vyanzo na marekebisho kwa mzungumzaji wa Kiswahili

Mwongozo huu unahusu kitenzi kimoja tu cha Kihispania, "tener", ambacho kazi yake kubwa ni ile inayofanywa na "kuwa na" katika Kiswahili. Nimekichagua kwa sababu mazungumzo ya dakika tano hayawezi kukikwepa, yawe ya sokoni, ya zahanati au ya ndani ya basi, na kwa sababu makosa ambayo sisi wazungumzaji wa Kiswahili tunayafanya kwacho yanajirudia mno, kiasi kwamba ukilisikia kosa unaweza kukisia msemaji alikuwa akiwaza sentensi gani ya kwao. Mara nyingi tatizo halitokani na kutojua maumbo ya kitenzi. Linatokana na kukiamini kiungo "-na" mahali ambapo Kihispania kimeshika njia nyingine.

Kabla ya kuanza kutafuta hitilafu, hakikisha maumbo yenyewe unayo mkononi. Wakati uliopo ni "tengo, tienes, tiene, tenemos, tenéis, tienen". Wakati uliopita wa tukio lililokwisha ni "tuve, tuviste, tuvo, tuvimos, tuvisteis, tuvieron", na ule wa hali iliyokuwa ikiendelea ni "tenía, tenías, tenía, teníamos, teníais, tenían". Ujao ni "tendré, tendrás, tendrá, tendremos, tendréis, tendrán", na umbo la kutakia au kuombea, linalokaribiana na "niwe na, uwe na", ni "tenga, tengas, tenga, tengamos, tengáis, tengan". Anayelalamika kwamba kitenzi hiki hakifuati kanuni akumbuke kwamba "nina" yetu wenyewe haina kiambishi cha wakati, na tukifika wakati uliopita tunaiacha kabisa na kuikimbilia "nilikuwa na".

Dalili: umesema utafanya jambo, mwenzako ameelewa kuwa hutalifanya

Naanza na hili kwa kuwa liliwahi kunigharimu. Nikiwa mpangaji wa chumba Valencia, siku ya kulipa kodi nilimwambia mama mwenye nyumba, kwa adabu zote, "Señora, hoy no tengo que pagar". Kichwani mwangu nilikuwa nimesema "Mama, leo sina budi kulipa". Yeye alisikia "Mama, leo si lazima nilipe". Aliweka chini kikombe chake cha kahawa, akanitazama, akauliza kwa sauti ya chini sana, "¿Cómo que no?", yaani "Vipi, si lazima?", na mimi nikazidi kuitikia kwa kichwa nikidhani tumeelewana.

Chanzo kinachoongoza ni hicho hasa: "sina budi" ina ukanushi usioonekana na msemaji wa Kiswahili, kwa sababu kwetu sisi kanusho hilo limeshageuka kuwa lazima. Ukaguzi wake ni mwepesi. Kabla ya kufungua mdomo, badilisha "sina budi" iwe "lazima" au "inanibidi", kisha ndipo utafsiri: "tengo que pagar". Likitoka neno "no" baada ya ukaguzi huo, ujue maana yako kweli ni "si lazima".

Chanzo cha pili ni kuidondosha "que" na kusema "tengo pagar". Msikilizaji ataelewa, lakini atangoja kidogo kana kwamba sentensi imekatika. Chanzo cha tatu, kisicho cha kawaida sana, ni kutumia "no tienes que" kumkataza mtu. Ukimwambia mgeni "no tienes que fumar aquí", kwa kawaida atasikia kwamba halazimishwi kuvuta sigara mahali hapo, na anaweza kukushukuru huku akiiwasha. Katazo husemwa "no puedes fumar aquí" au, bila kumlenga mtu, "aquí no se puede fumar". Aidha, pale ambapo Kiswahili kinasema "ni lazima" bila kutaja nani, Kihispania hakitumii "tener" hata kidogo. Husema "hay que pagar".

Dalili: kila ukieleza kilichopo mahali, unaulizwa "¿quién?"

Unasema "tiene mucha gente en el mercado" ukimaanisha sokoni kuna watu wengi, na mwenzako anauliza ni nani huyo mwenye watu. Hapa "-na" imekuongoza vibaya kwa mantiki nzuri kabisa: nina, una, ana, tuna, mna, wana, na kisha kuna na pana. Kwetu mahali panaweza kuwa na kitu kama mtu anavyokuwa nacho. Kihispania kimeutenga uwepo na umiliki, na uwepo kimeukabidhi kwa kitenzi "haber" katika umbo moja lisilobadilika: "hay mucha gente en el mercado". Katika wakati uliopita, "kulikuwa na" ni "había", wala si "tenía".

Chanzo kingine huwapata waliowahi kukizoea Kireno cha mazungumzo cha Brazili, ambamo "tem muita gente" ni sawa kabisa. Hao hawana budi kuziweka lugha mbili hizo katika rafu tofauti.

Jaribu hivi: je, katika sentensi yako ya Kiswahili kuna jina linaloweza kusimama mbele kama mwenye kitu? "Nyumba ina vyumba vitatu" ina mwenye vyumba, yaani nyumba, kwa hiyo "la casa tiene tres habitaciones" ni sahihi. "Nyumbani kuna vyumba vitatu" haina, kwa hiyo ni "en la casa hay tres habitaciones". Kiambishi "ku-" au "pa-" kikitokea mwanzoni, "tener" ikae pembeni.

Dalili: ukieleza unavyojisikia, watu wanatabasamu au wanaona haya kwa niaba yako

Habari njema ni kwamba katika eneo hili Kiswahili kinatubeba kuliko lugha nyingi. Anayetoka kwenye Kiingereza hulazimika kujifunza upya kwamba njaa ni kitu unachokuwa nacho. Sisi tunajua tangu utotoni. Nina njaa, "tengo hambre". Nina kiu, "tengo sed". Nina usingizi, "tengo sueño". Nina haraka, "tengo prisa". Nina bahati, "tengo suerte". Nina hamu ya kula, "tengo ganas de comer". Nina homa, "tengo fiebre". Nina miaka 30, "tengo 30 años". Hata "¿qué tienes?", anapoulizwa mtu aliyekunja uso, ni "una nini?" ile ile ya kwetu, swali ambalo halina uhusiano na vilivyomo mfukoni.

Urahisi huo ndio unaoleta kosa la kwanza: kuendelea na "tengo" pale ambapo Kihispania kimehamia "estar", kitenzi cha kuwa katika hali fulani, ambacho umbo lake la "mimi" ni "estoy". Nina furaha ni "estoy contento", na msemaji mwanamke atasema "contenta". Nina huzuni ni "estoy triste". Nina hasira ni "estoy enfadado" nchini Hispania na "estoy enojado" katika sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini. Nina wasiwasi, "estoy preocupado". Nina hakika, "estoy seguro". Nina shughuli, "estoy ocupado". Nina mimba, "estoy embarazada", neno ambalo baadhi ya wanafunzi hulidhania kuwa ni la aibu na kulitamka mahali pasipostahili kabisa. Aibu yenyewe ni "vergüenza", na hiyo inarudi kwenye "tener": "tengo vergüenza". Sijapata kanuni inayoyapanga yote haya bila kuvuja. Ninachowashauri wanafunzi ni kuikariri orodha ya "estar", kwa kuwa ndiyo inayopingana na mazoea yetu. Ile ya "tener" itajileta yenyewe.

Kosa la pili ni la kutojiamini. Mtu ameshasikia mara nyingi kwamba "estar" ni ya hali za kupita, basi anaanza kusahihisha hata kilichokuwa sawa, na siku ya jua kali anatangaza "estoy caliente". Sentensi hiyo, ikitamkwa na mtu kuhusu nafsi yake, katika nchi nyingi husikika kuwa ana ashiki. Joto la hewa ni "tengo calor", na baridi ni "tengo frío". Kiswahili kinasema tunasikia joto na tunasikia baridi, kwa hiyo hapa "-na" haikukuongoza moja kwa moja. Jenga mazoea kwa kuwaza "nina joto" kabla ya kusema.

Kosa la tatu ni la kipimo. "Nina njaa sana" inamvuta mtu kusema "tengo muy hambre" au "tengo hambre muy". Njaa katika Kihispania ni nomino, na nomino huongezewa "mucho" au "mucha" kulingana na jinsia yake: "mucha hambre, mucha sed, mucha prisa, mucha suerte", lakini "mucho frío, mucho calor, mucho sueño, mucho miedo". Wengi hunaswa na "hambre" kwa kuwa husemwa "el hambre", wakadhani ni ya kiume. Ni ya kike, na "el" imewekwa hapo kwa sababu ya mkazo wa sauti "a" ya mwanzo.

Nchini Peru na Bolivia, kwa mfano, unaweza kumsikia mzawa akisema "estoy con hambre", na mzungumzaji wa Kiswahili cha Nairobi aliyezoea "niko na njaa" atajisikia amefika nyumbani. Ukiwa huko, hakuna haja ya kumrekebisha mtu. Ukiwa kwenye mtihani, andika "tengo hambre".

Dalili: unasimulia ulichokwisha kufanya, na sentensi inasikika imekwama

Hapa watu husema "tengo comido" wakimaanisha nimekula. Kiswahili hakina hatia katika kesi hii, kwa kuwa "-me-" haifanani na "-na" hata kidogo. Mtuhumiwa wa kwanza ni lugha ya pili ya msemaji. Msomaji wa Kongo au Burundi aliyekulia kwenye Kifaransa anajua kwamba kitenzi kimoja, "avoir", hubeba njaa na pia hubeba nimekula. Msomaji wa Kenya au Tanzania ana Kiingereza kinachofanya vivyo hivyo kwa umiliki na kwa tendo lililokamilika. Kihispania kimeigawa kazi: kumiliki ni "tener", kukamilisha tendo ni "haber". Kwa hiyo ni "he comido", na "nimekuwa na bahati" ni "he tenido suerte", ambapo vitenzi vyote viwili vinakaa pamoja bila kugombana.

Iwapo umemsikia mzawa akisema "tengo escritas tres cartas", hujasikia vibaya. Umbo hilo lipo, na linamaanisha kwamba barua tatu nimekwisha kuziandika na ziko tayari. Tazama jinsi "escritas" inavyokubaliana na "cartas". Liache hadi utakapokuwa mwenyeji wa lugha.

Dalili: tarehe na matukio yako ya jana hayaaminiki

Hili ndilo tatizo gumu kuliko yote, na linastahili subira. Kiswahili kina "nilikuwa na" moja, nayo inatosha. Kihispania kinakutaka uamue: "tenía" au "tuve"?

"Tenía" inaeleza hali iliyokuwapo nyuma ya hadithi, bila kutaja ilipoanza wala ilipokwisha. Umri uliopita kwa kawaida huwa hapa: "cuando llegué tenía 20 años", nilipofika nilikuwa na miaka 20. "Tuve" inaleta tukio lenye mipaka, na mara nyingi tafsiri yake bora si "nilikuwa na" bali "nilipata": "tuve un accidente", nilipata ajali; "tuvo un hijo", alipata mtoto. Jaribio la kwanza, basi, ni kuingiza "pata" katika sentensi ya Kiswahili. Ikikubali bila kugeuza maana, chukua "tuve". Ikikataa, anza na "tenía".

Jaribio hilo litakuvusha katika sentensi nyingi, lakini halitoshi kwenye miadi na wajibu, na hapo ndipo watu hugombana kazini. Tuseme bosi anauliza kuhusu jana. "Ayer tuve una reunión" inamwambia kwamba mkutano ulifanyika na ulikuwamo. "Ayer tenía una reunión" inamwambia tu kwamba ulikuwa umepangwa, na masikio yake yanangoja "lakini": haukufanyika, au hukwenda. Vivyo hivyo "tuve que ir al banco" ni "nililazimika kwenda benki", na kwa kawaida msikilizaji anaelewa kwamba ulikwenda kweli. "Tenía que ir al banco" ni "nilitakiwa kwenda benki", ambayo hata kwa Kiswahili inanuka udhuru. Tofauti ya "nililazimika" na "nilitakiwa" unayo tayari katika lugha yako; itumie kama mizani.

Anayechanganya maumbo yenyewe, akisema "tenió" au "tenieron", ana tatizo dogo zaidi. Shina la tukio lililopita ni "tuv-", na ndugu za kitenzi hiki hulifuata bila ubishi: "mantener" inatoa "mantuve", "obtener" inatoa "obtuve", na polisi aliyemkamata mtu "lo detuvo", si "lo detenió".

Dalili: ndoto na masharti yako yanasahihishwa kila mara

"Ningekuwa na pesa, ningenunua nyumba." Kiswahili kimeweka "-nge-" pande zote mbili, na mzungumzaji wake, kwa uaminifu wa kupendeza, husema "si tendría dinero, compraría una casa". Kihispania sanifu kinakataa umbo hilo baada ya "si" ya sharti: ni "si tuviera dinero, compraría una casa". Upande wa sharti unachukua "tuviera", upande wa matokeo unachukua "-ría". Utawasikia wazawa wa maeneo ya kaskazini mwa Hispania, hasa Nchi ya Basque na jirani zake, wakisema "si tendría" katika mazungumzo yao. Usiwafuate kwenye maandishi.

Kosa jirani ni la wakati ujao. "Nitakapokuwa na nafasi, nitakupigia" inazaa "cuando tendré tiempo", ilhali baada ya "cuando" ya jambo lisilotokea bado panatakiwa umbo la matakwa: "cuando tenga tiempo, te llamo". Umbo hilo tunalifahamu vizuri kuliko tunavyodhani, kwa sababu "que tengas buen día" ni "uwe na siku njema", na "-e" yetu inafanya kazi ile ile.

Dalili: umbo ni sahihi, lakini husikiki vizuri

Kwanza kagua "años". Alama iliyo juu ya n si pambo. Inaifanya isomwe "ny" kama katika "nyumba". Ukiandika ujumbe kwa haraka bila alama hiyo, "tengo 30 anos", umemtajia mwenzako matundu thelathini ya haja kubwa. Katika simu, bonyeza herufi n kwa muda, na alama itatokea.

Pili kagua "tendré". Mkazo uko mwishoni, wakati ulimi wetu umezoea silabi ya pili kutoka mwisho, na "dr" haitaki irabu katikati, si "téndere". Tatu ni "tuvo", ambayo v yake hutamkwa kwa midomo miwili kama b laini, hata haitofautiki na "tubo", yaani bomba. "Tengo" haina shida, kwa kuwa inaimba sawa na "jengo" na "lengo".

Dalili: mzee amekunja uso

"Una" ya Kiswahili humfaa mtoto na babu, kwa kuwa heshima yetu inakaa kwenye shikamoo na kwenye "mzee" au "mama". Kihispania huiweka kwenye kitenzi chenyewe: rafiki ni "tienes", mtu wa kuheshimiwa ni "usted tiene". Ukimkabidhi mtu huyo kitu, sema "aquí tiene". Ukiulizwa "¿tiene hora?", unaulizwa saa ngapi, na jibu liwe la saa ya kwao: saa moja asubuhi ni "las siete". Ukifika Argentina au Uruguay ukasikia "vos tenés", yaani "wewe una", hiyo ni kawaida ya huko.

Mahali pa kuacha kujitengenezea

Kosa likijirudia kwa miezi mingi ingawa unalijua, usiendelee kulipigania peke yako. Mtafute mwalimu atakayekukatiza papo hapo unapozungumza, kwa maana sikio lako limeshalizoea.

Mkataba wa kazi au wa nyumba usiusaini kwa kutegemea mwongozo huu. "Tiene que" na "puede" katika kifungu kimoja vinaweza kutenganisha wajibu na hiari, na kazi hiyo ni ya mwanasheria au mfasiri aliyeapishwa. Polisi au mahakamani, nyamaza na uombe mkalimani. Nchini Hispania mshtakiwa wa jinai asiyeimudu lugha ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo, na maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 2010/64 yanaitaka kila nchi mwanachama inayofungwa nayo kuitoa haki hiyo.

Hospitalini hatari ni kubwa zaidi kwa sababu Kiswahili chetu cha maradhi kimejaa "nina" za mkato. "Nina presha" ukiigeuza "tengo presión" unaweza kueleweka kuwa umeelemewa na mambo. Sema "tengo la tensión alta", au "tengo la presión alta" ukiwa Amerika ya Kilatini. "Nina sukari" iwe "tengo diabetes". Dawa inayokudhuru isitegemee matamshi yako: iandike mapema kwenye karatasi kwa herufi kubwa, "TENGO ALERGIA A LA PENICILINA", uitunze pamoja na pasipoti, na ukifika mapokezi umkabidhi muuguzi karatasi hiyo kabla hujaanza kuzungumza.